Ujumbe Mfupi kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu



Jioni moja baada ya sala ya Isha, mzazi mmoja alitushika mkono mlangoni pa msikiti akatuonyesha simu yake. Kijana wake yuko chuo kikuu, mwaka wa kwanza. Mzee huyo alikuwa amemwandikia ujumbe kumwuliza hali yake, afya yake na masomo yake. Jibu alilolipata lilikuwa neno moja tu: "Poa." Akatuuliza kwa uchungu, "Mwalimu, hili ndilo jibu la mtoto kwa baba yake? Niandikie maneno makali nimpelekee usiku huu huu."

Hatukumwandikia. Tulimsihi asipeleke neno lo lote mpaka kupambazuke. Kwani swali lake lilitukumbusha kosa letu wenyewe, kosa tulilolifanya kwa kidole gumba kimoja, na ambalo nusura limtoe kijana wa watu katika masomo yake. Kwa muda mrefu tulilificha jambo hili kwa haya. Sasa tumeona ni vyema tulieleze, ili wazee wenzetu na walimu wenzetu wajihadhari nalo, na vijana wetu wapate na wao fungu lao la mawaidha.

Kwanza kabisa tuseme kwamba sisi hatuko miongoni mwa wale wanaoishutumu simu kwa kila ovu. Neno fupi lenye kupelekwa mbali si jambo geni katika dini yetu. Katika Sura An-Naml tunasimuliwa khabari za Nabii Sulaiman (A.S.), aliyempeleka ndege hudihudi na waraka kwa malkia wa Sabaa. Tazama, ndugu msomaji, jinsi waraka ule ulivyokuwa mfupi: ulitaja umetoka kwa nani, ukaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha ukataja haja yake, basi. Na yule malkia, kabla hajaisilimu, aliuita waraka ule kuwa ni mtukufu. Kwa hivyo ufupi wa maneno haupunguzi utukufu wake, maadamu mwandishi ameyaweka mahali pake.

Vile vile Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba wao hawasomi waraka usiokuwa na muhuri. Basi akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa jina lake, akaitumia kupigia muhuri. Hakusema kwamba hiyo ni desturi ya watu wengine na haituhusu. Alitumia njia ile ambayo ujumbe ungesomwa nayo. Nasi walimu wa leo, ikiwa vijana wetu wanasoma simu zao mara nyingi kuliko wanavyosoma kitu kingine cho chote, haitufai kukaa barazani na kunung'unika. Yatupasa tuwafuate huko waliko.

Na huu ujumbe wa maandishi wa simu, taarikh yake yajulikana. Siku ya tarehe 3 Desemba 1992, kule Uingereza, kijana mmoja fundi aitwaye Neil Papworth, mwenye umri wa miaka 22, aliandika kwa kompyuta salamu za sikukuu ya Krismasi akazipeleka katika simu ya mkubwa mmoja wa kampuni ya Vodafone, jina lake Richard Jarvis. Huo ndio ujumbe wa kwanza wa namna hii. Lakini Jarvis hakuweza kujibu, kwani simu za siku zile zilikuwa hazina njia ya kuandikia. Basi angalieni, wasomaji wetu, mambo mawili. La kwanza, ujumbe wa kwanza kabisa wa simu ulikuwa ni salamu. La pili, salamu ile haikujibiwa kwa sababu chombo kilishindwa. Leo chombo hakishindwi, na bado salamu nyingi hazijibiwi!

Ujumbe huo umewekewa kipimo cha herufi 160, pamoja na nafasi na nukta zake. Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985 alikaa akapiga taipu maneno ya kawaida na kuhesabu herufi zake, akaona kwamba 160 zatosha watu kuelezana haja zao. Ukizidisha, simu hukata maneno yako vipande viwili, nawe ukalipa mara mbili. Sisi tulikijua kipimo hicho kwa njia ya fedheha kidogo, na tutaeleza ilivyokuwa.

Sisi ni mwalimu wa chuo cha Qurani hapa Pangani. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, haikuzidi hapo. Simu yetu ya kwanza tuliipata mwaka 2006. Mwaka 2009 ndugu yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Muscat alitujia likizo akatuletea simu yenye herufi za Kiarabu. Furaha yetu ilikuwa kubwa, kwani tangu utoto kalamu yetu ni ya herufi hizo, hata tuandikapo Kiswahili. Tukakaa tukawaandikia wanafunzi wetu wa zamani waliokuwa mbali, nyaraka nzuri zenye salamu kamili na dua mwisho wake. Siku mbili zikapita pasina jibu. Ya tatu, mmoja wao akapiga simu akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Umetuletea vijisanduku vitupu, sote tumehangaika navyo." Simu zao zilikuwa hazizijui herufi zile! Tena binti yetu akatufahamisha kwamba ukiandika kwa herufi za Kiarabu, kipimo hushuka kutoka 160 hadi 70, na ndiyo maana salio letu lilikuwa likiyeyuka kama barafu juani. Toka siku hiyo tukajilazimisha kuandika kwa herufi za Kizungu, kidole kimoja, polepole, binti yetu akitusahihisha.

Kadiri miaka ilivyokwenda, vijana waliotoka katika chuo chetu kidogo walianza kuingia katika vyuo vikuu, Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Unguja. Kufikia mwaka 2016 walikuwa kumi na mmoja, wanane wa kiume na watatu wa kike. Tukajiwekea desturi: kila Ijumaa asubuhi twawapelekea ujumbe mmoja. Kwa wale mabinti, ujumbe huandikwa na ahali yetu, ambaye ndiye aliyewasomesha, na kwa simu yake yeye. Hatukuona vyema mwalimu wa kiume kuzoea kumwandikia binti wa watu peke yake, hata kama nia ni safi. Maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Assalamu alaykum. Leo Ijumaa. Hujambo? Umekula? Somo gani gumu wiki hii? Nyumbani salama. Jibu hata neno moja. Mwalimu wako."

Huenda mtu akacheka kwamba mwalimu wa chuo anamwuliza mwanafunzi wa chuo kikuu kama amekula. Lakini wallahi swali hilo lilituletea majibu mengi kuliko lo lote lingine. Kijana aweza kukuficha masomo yake, ila aliyelala na njaa akiulizwa na mtu wa kwao kama amekula, mara nyingi husema. Kwa ujumbe ule tulijua nani mgonjwa, nani amehama bweni, nani amefiwa na rafiki. Nao wakatuuliza mambo yao: kuswali safarini, kufunga wakati wa mitihani, fedha ya mkopo wa masomo. Tulilolijua tuliwajibu, na tusilolijua tuliwapeleka kwa masheikh wenye elimu. Hatukuwahi kufikiri kwamba herufi 160 zaweza kubeba kheri kiasi hicho.

Sasa twaja katika kosa letu.

Miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwapo kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliyekuwa akisomea ualimu wa hisabati katika chuo kikuu kimoja mjini Dodoma. Tangu akiwa na miaka sita alikaa mbele yetu juu ya jamvi, na sauti yake ya kusoma Qurani ilikuwa ikiwasimamisha wapita njia. Mwaka wake wa kwanza majibu yake yalikuwa marefu na yenye adabu. Mwaka wa pili yakaanza kupungua. Kwanza zikaondoka dua za mwisho, kisha yakaondoka maswali ya kutuuliza sisi hali zetu. Hatimaye, Ijumaa moja ya mwezi wa Rajab, Aprili 2017, tulipata jibu lake saa nne za usiku, kutoka katika namba tusiyoijua, nalo lilikuwa hivi: "slm mwl nko pw". Binti yetu akatufasiria kwamba "pw" maana yake ni poa.

Tulikasirika. Tulijiambia kwamba tumekasirika kwa ajili ya salamu ya Kiislamu iliyokatwa mkia. Leo, baada ya kujihesabu, twakiri kwamba ndani ya hasira ile mlikuwamo na uchungu wetu wa nafsi. Tulidhani kijana huyu, kwa kuwa sasa yumo chuo kikuu, amemwona mwalimu wa jamvini kuwa si kitu. Basi bila ya kupiga simu, bila ya kuuliza namba ile ni ya nani, tulimwandikia maneno haya:

"Elimu ya dunia imekulevya. Salamu umeikata mkia na waliokulea umewasahau. Tafakari kabla hujaandika tena."

Tukayapeleka, tukalala, na usingizi ukaja. Kwa hakika hilo ndilo linalotusumbua zaidi tukikumbuka.

Ijumaa iliyofuata tulipoandika ujumbe wetu wa desturi, yeye tukamruka. Tukasema moyoni, na aanze yeye. Ijumaa ya pili tukamruka tena, na ya tatu, mpaka zikatimia tano. Hatukukumbuka kwamba katika chuo kikuu kile kile alikuwapo mwenzake mwingine wa kwetu, chumba cha pili, ambaye kila Ijumaa simu yake ililia na yake yeye ilinyamaza.

Siku chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, mama wa kijana huyo alikuja chuoni kwetu mchana, watoto wakiwa wanasoma. Akasimama nje mpaka tukamwendea. Akasema, "Mwalimu, mwanangu ameniambia anarudi nyumbani, masomo basi. Nimemwambia akuandikie wewe kwanza upate kumshauri. Ameniambia Mwalimu amemkataza kuandika."

Wasomaji wetu, maneno hayo yalituingia kama mwiba wa samaki. Tulikwenda kuitazama simu yetu, na kweli tulikuwa tumeandika: "Tafakari kabla hujaandika tena." Sisi tulikusudia kumwambia andika vizuri zaidi. Yeye alisoma: usiandike. Na nani awezaye kumlaumu? Sauti yetu hakuisikia, uso wetu hakuuona, mkono wetu haukuwa begani mwake. Alichokuwa nacho ni maneno yale makavu tu, nayo maneno yalisema hivyo.

Tulimpigia, simu yake haikupatikana. Kesho yake tuliwaacha watoto wa chuo kwa msaidizi wetu, tukatoka Pangani alfajiri kwenda Tanga kupanda basi. Safari ile ya Segera, Chalinze na Morogoro twaikumbuka kwa urefu wake, kwani njia nzima tulikuwa tukitafuta neno la kumwambia tusilione. Tuliingia Dodoma usiku, tukapokewa na yule kijana mwenzake. Hapo ndipo tulipoelezwa khabari yote.

Baba yake alikuwa na ugonjwa wa miguu tangu mwanzo wa mwaka na chombo chake kilikuwa juu mchangani. Fedha za kijana hazikutosha ada na chakula. Wakati ule Dodoma ilikuwa ikijengwa kwa wingi, kwa kuwa Serikali ilikuwa imeanza kuhamia huko tangu mwaka 2016, na kazi za vibarua zilipatikana. Basi kijana yule alikuwa akitoka darasani akienda kubeba zege mpaka usiku. Simu yake aliiuza. Ule ujumbe wake wa "slm mwl nko pw" aliuandika kwa simu ya kibarua mwenzake, saa nne za usiku, vidole vyake vimekakamaa kwa saruji, na mwenye simu amesimama akiisubiri. Akijua kwamba ni Ijumaa na Mwalimu anangoja jibu, hakutaka siku ipite bila ya kujibu. Sisi tuliiona salamu iliyokatwa mkia, kumbe ni salamu ya mtu aliyetoa kila alichonacho!

Jibu letu kali lilimfikia kupitia simu ya kibarua yule. Baadaye alipata kwa mkopo simu ndogo ya vitufe, hii ambayo vijana huiita kitochi.

Tulionana naye baada ya sala ya Alfajiri. Alitupa mkono akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akainamisha macho. Tulipoitikia, tulimwomba radhi mbele ya mwenzake. Hakujua la kusema, kwani hakuzoea kuombwa radhi na mwalimu. Akatoa simu yake akatufungulia mahali panapoitwa "Rasimu", ambapo maneno yaliyoandikwa na hayajapelekwa huhifadhiwa. Tulikuta nyaraka nne, zote zimeandikwa kwetu. Ya kwanza ilieleza ugonjwa wa baba yake ikakatikia katikati. Ya pili ilikuwa ya kuomba msamaha. Ya tatu ilikuwa ya kuaga. Na ya nne ilikuwa na salamu peke yake, imeandikwa kamili, herufi kwa herufi, haikupungua hata moja, na baada yake hapakuwa na neno.

Akasema, "Kila nikimaliza salamu, nilikuwa naona nimekwisha kosea, Mwalimu."

Hatukuweza kumjibu. Tulimshika mkono tukatoka naye kwenda kunywa chai.

Mwisho wa khabari yake ni kheri, Alhamdulillahi, walakini si kheri isiyo na hasara. Vipindi vilivyompita vilikuwa vingi na mitihani ilikuwa karibu, ikambidi aahirishe masomo. Jamaa wa msikiti wetu na wavuvi wenzake baba yake walichanga kimya kimya, pasipo kutangaza jina lake. Alirudi mwaka 2018, akamaliza 2019, na sasa ni mwalimu wa hisabati. Lakini karibu mwaka mzima wa umri wake ulipotea. Ujumbe wetu haukumkosesha ada, hilo twalijua. Ulilomkosesha ni mtu wa kumwambia kwamba ada hana. Lau tungemwuliza mwezi wa Aprili, huenda mwaka ule usingelipotea.

Tangu siku hiyo tumelifikiri sana jambo hili, na twaona sababu yake imo katika desturi yetu wenyewe ya kuamkiana. Mswahili akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," hata kama ana homa. Akiulizwa khabari husema "Njema," au "Salama," hata kama nyumbani pana maiti. Hiyo ni adabu na ni shukrani kwa Mungu, wala si uwongo. Kisha, baada ya kuulizana watoto, wazee na mvua, ndipo husema, "Ila..." au "Lakini..." Na khabari yenyewe huwa katika ile lakini. Barazani muda upo, na "lakini" hufika. Katika ujumbe wa simu mazungumzo huishia kwenye "sijambo", au kwenye hiyo "poa" ya vijana, na "lakini" hubaki moyoni mwa mwenyewe. Mzazi hufunga simu akashukuru kwamba mtoto hajambo, au akakasirika kwamba mtoto hana adabu, na yote mawili huenda yakawa si kweli.

Kwa ajili hiyo tumejiwekea kanuni chache, nasi twawausia wenzetu.

Ya kwanza: ujumbe mfupi ni wa kubisha hodi, si wa kuhukumu. Utumie kusalimu, kukumbusha, kuuliza na kuomba dua. Ukiwa na neno zito la kumwonya kijana, mpigie asikie sauti yako, na likiwa zito zaidi, mwendee. Musa na Harun (A.S.) walipopelekwa kwa Firauni, jabari kuliko wote, waliamrishwa katika Sura Taha waseme naye kwa upole. Basi mtoto wetu aliyeko chuo kikuu si mwovu kuliko Firauni, na sisi si bora kuliko Musa.

Ya pili: likikujia jibu fupi, usijibu kwa ukali, uliza tena. Andika, "Poa nimeisikia. Na lakini yake je?" Hivyo ndivyo tuandikavyo sisi siku hizi, na vijana wetu wamekwisha zoea, hata wengine hututangulia: "Sijambo Mwalimu, lakini ninayo."

Ya tatu: usimruke mtu kwa hasira. Aliyenyamaza ndiye wa kuandikiwa kwanza.

Ya nne: usimkaripie kijana mbele za watu. Siku hizi vijana wengi wamo katika makundi ya WhatsApp, na sisi wenyewe wanafunzi wetu walituingiza katika kundi lao mwaka 2020. Neno la kundi husomwa na watu mia kwa mara moja. La kumsifu mtu liseme huko, la kumwonya mpe faraghani.

Ya tano: jihadhari na khabari za ghafula. Wako matapeli wanaowaandikia wazazi kwamba mtoto wao ameanguka au amelazwa, na fedha zipelekwe upesi katika namba fulani. Sura Al-Hujurat imetuamrisha tupeleleze khabari aletayo mtu fasiki kabla hatujaifuata. Usipeleke senti kabla hujaisikia sauti ya mwanao, au ya mtu wa chuoni unayemjua.

Na ninyi vijana wetu, wana na mabinti, mnaosoma maneno haya, hatukuwasahau. Makosa ya wazee hayaondoi wajibu wenu. Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukiamkiwa tuitikie kwa iliyo bora zaidi au mfano wake. Basi salamu iliyokuja kamili isirudi na herufi tatu, maadamu mkono wako mzima na simu ni yako. Hayo "slm" na "pw" yaacheni yabaki baina yenu ninyi kwa ninyi. Mama yako aliyejifunza kusoma uzeeni hawezi kuyafasiri, atabaki akiigeuza simu huku na huku akitafuta mtu wa kumsomea. Pia msiwe wa kuandika siku ya haja ya fedha tu, mpaka mzazi akiona jina lako kwenye kioo cha simu moyo wake ukashtuka.

Na zaidi ya yote, semeni ukweli. Mkiwa na njaa, mkishindwa mtihani, mkiwa na huzuni isiyo na jina, andikeni. Kama hamwezi kumwandikia mzazi, mwandikieni mwalimu, au shangazi, au mjomba. Maneno yaliyobaki kwenye "Rasimu" hayamsaidii mtu. Na ikiwa mkubwa wenu amewaandikia kwa ukali, msidhani mlango umefungwa. Huenda na yeye ana yake yanayomsumbua, na huenda anangoja neno lenu kama mnavyongoja lake.

Yule mzee wa msikitini tulimweleza khabari hii yote baada ya sala ya Alfajiri. Alinyamaza kitambo, kisha akapiga simu palepale, kijana akaamka usingizini akaitika. Hatukukaa kusikiliza waliyosemezana. Tulimwacha amekaa kwenye kibaraza cha msikiti, simu sikioni, na baada ya robo saa tulipopita tena alikuwa bado yupo, akisema, "Ehe, mwanangu. Lakini nini?"

Katika Sura Qaf tumeambiwa kwamba mtu hatamki neno ila karibu yake yuko mwangalizi aliye tayari. Herufi 160 nazo zaandikwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe zile tulizozipeleka kwa hasira, awahifadhi watoto wetu wote walioko mbali kutafuta elimu, na atujaalie sisi na wao kuwa wenye kuamkiana kwa wema na kuitikiana kwa wema zaidi. Amin.